Chumvi ya visima vya Kisauni na Likoni si kinga dhidi ya kipindupindu

WAKAZI wa Kisauni na Likoni wanaotegemea visima hawahitaji mtaalamu wa kuwaambia kwamba maji yao yana chumvi. Ulimi huwaambia. Chai hutoka na munyu, sabuni hukataa kutoa povu na birika huota ukoko mweupe baada ya wiki chache tu.

Hali hiyo imezaa dhana ambayo husikika mara kwa mara vibarazani na kwenye foleni za maji: kwamba maji ya chumvi hayakai vijidudu. Wanaoishikilia dhana hiyo wana hoja ambayo kwa juujuu ina mantiki. Papa na ng'onda hutiwa chumvi wasioze, wanasema, sembuse maji ambayo yamekwisha kukolea chumvi tangu ardhini?

Dhana hiyo ingeachwa ipite kama porojo nyingine za barazani, lau kuwa haigusi uhai wa watu. Kati ya Oktoba 2022 na mapema mwaka wa 2024, Kenya ilikumbwa na mkurupuko wa kipindupindu ulioambukiza zaidi ya watu 12,000 na kuwaua zaidi ya 200 katika kaunti mbalimbali. Bakteria anayesababisha maradhi hayo, aitwaye vibrio, ni miongoni mwa viumbe wa seli moja wanaojua zaidi kuishi na chumvi inayopanda na kushuka. Hazuiwi na munyu wa kisima. Kwa kiasi fulani, huufurahia.

Ili kuelewa sababu, ni vyema kuanza na chumvi yenyewe. Lita moja ya maji inaweza kuyeyusha takriban gramu 350 za chumvi kabla ya kushindwa kuyeyusha zaidi, na anayeandaa ng'onda hukaribia kiwango hicho. Maji ya bahari yana gramu zipatazo 35 kwa lita, yaani sehemu moja tu kwa kumi. Nayo maji ya kisima huanza kumkera mnywaji mapema mno: Shirika la Afya Duniani (WHO) lasema ulimi waweza kuitambua kloridi, ambayo ni sehemu ya chumvi, inapozidi miligramu 250 katika lita. Kwa hiyo, kisima ambacho mtu hukitema kwa uchungu wa chumvi bado kiko mbali kabisa na pipa la kutilia samaki chumvi.

Kinachomhifadhi samaki ni kanuni ambayo kila mwanamke wa Pwani aliyewahi kutengeneza achari ameiona kwa macho. Vipande vya embe vikitiwa chumvi na kuachwa kwa saa chache, hunyauka na kuelea katika maji yaliyotoka ndani yavyo. Maji huvuka ngozi nyembamba yakitoka upande usio na chumvi nyingi kwenda upande wenye nyingi. Wanasayansi huita mwendo huo osmosisi.

Seli yoyote hai imefunikwa utando wa namna hiyo. Ikiwekwa katika maji makali hupoteza maji yake na kusinyaa kama kipande cha embe. Ikiwekwa katika maji matamu, maji huiingia hadi ikaribie kupasuka. Binadamu ana figo za kumlinda. Kiumbe wa seli moja hana kiungo chochote cha kumsaidia, kwani yeye mzima ni seli hiyo moja.

Hata hivyo, viumbe hao wamebuni njia zao. Paramesia, ambaye wanafunzi humwona chini ya hadubini shuleni, huishi kwenye madimbwi ya maji matamu na ana kifuko kidogo kinachojaa maji na kuyatapika nje, kisha kikajaa tena, mchana na usiku, kama baharia anayekumba maji kutoka kwa mtumbwi unaovuja. Mwani fulani wa seli moja apatikanaye katika mashamba ya chumvi sehemu nyingi duniani hutumia mbinu tofauti: hujitengenezea gliserini nyingi ndani ya mwili wake ili uzito wa ndani ulingane na wa nje, na maji yasiwe na sababu ya kukimbia.

Vibrio wa kipindupindu hufuata njia inayofanana na ya pili. Chumvi inapopanda ghafla, kwanza huvuta potasiamu kwa haraka, kama mtu anayeweka mawe ya muda kuzuia mlango. Baada ya hapo hujaza mwili wake viungo vya kemikali ambavyo havidhuru shughuli za seli. Kimoja ni betaini, anayoiokota kutoka majini. Kingine ni ektoini ambayo hujitengenezea mwenyewe. Uwezo wake wa kufanya hivyo ulielezwa na watafiti wa Marekani mwaka wa 2003. Chumvi ikishuka kwa ghafla, milango midogo kwenye utando hufunguka kwa nguvu ya shinikizo na kuvimwaga viungo hivyo nje kabla seli haijapasuka.

Kazi yote hiyo hufanyika kwa muda mfupi, bila ya bakteria huyo kuhitaji kuhama mahali alipo.

Matokeo yake ni kiumbe ambaye hustawi vizuri zaidi katika maji ya chumvichumvi, ya takriban gramu 5 hadi 25 kwa lita, lakini huweza kustahimili hali nyingine nyingi, hata maji matamu yenye joto na uchafu. Wakazi wa Kisumu na wa kandokando ya Ziwa Victoria, ambalo halina chumvi, wanafahamu fika jinsi maradhi hayo yanavyowatembelea. Ndiyo maana mtu hawezi kusema kwamba chumvi huleta kipindupindu, kama asivyoweza kusema kwamba hukizuia.

Mazingira ya Mombasa, kwa upande wake, ni kama yaliyotengenezwa kwa ajili ya kiumbe wa aina hiyo. Kisiwa kimezungukwa na hori mbili kubwa. Upande mmoja ni hori ya Tudor, inayozitenganisha Kisauni na Mikindani. Upande wa pili ni Kilindini na Port Reitz, zinazopita kati ya Changamwe na Likoni. Mito inayomwaga maji humo, kama vile Kombeni na Mwache, hufurika wakati wa mvua na kupungua mno wakati wa kiangazi.

Msimu wa masika ukifika, vichwa vya hori hizo hupata maji matamu kwa wingi. Kaskazi inapovuma na jua kuwa kali, maji hubaki na kukauka hadi chumvi ikakaribia au hata kupita ile ya bahari kuu. Juu ya hayo, bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Kijidudu aliyenata kwenye mzizi wa mkoko wa Mikindani anaweza kuoga maji ya mto asubuhi na maji ya bahari alasiri.

Wapo viumbe wa seli moja wanaoshindwa na mabadiliko kama hayo, na Wakenya wamekwisha kushuhudia. Katika Ziwa Nakuru, mwani mdogo wa kibuluu-kijani unaoliwa na heroe hupenda maji makali ya magadi. Maji ya ziwa hilo yalipoanza kupanda tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 na magadi yake kuzimuka, mwani huo ulipungua na makundi makubwa ya heroe yakahamia kwingine, Bogoria ikiwemo. Ndege wale waridi walikuwa wakitangaza habari ya seli zisizoonekana kwa macho. Huko Mombasa hakuna ndege wa kutangaza.

Sasa turudi visimani, maana hori na visima ni mambo mawili tofauti ambayo huchanganywa mno.

Kulingana na hesabu ya watu ya mwaka wa 2019, Kaunti ya Mombasa ilikuwa na wakazi 1,208,333. Kati yao, waliokaa kisiwani, yaani Mvita, walikuwa 154,171 pekee. Waliobaki, zaidi ya milioni moja, walikuwa bara: Kisauni 291,930, Likoni 250,358, Nyali 216,577, Jomvu 163,415 na Changamwe 131,882. Mji umehamia bara ilhali mabomba hayakuhama pamoja nao.

Maji ya Mombasa hutoka mbali: Mzima katika mbuga ya Tsavo, Baricho kwenye Mto Sabaki, chemchemi za Marere na visima vya Tiwi huko Kwale. Mahitaji ya kaunti yamekuwa yakikadiriwa kuwa takriban mita za ujazo 200,000 kwa siku, na kinachofika ni chini ya thuluthi ya kiasi hicho. Pengo hilo huzibwa na visima, na wachuuzi wa mikokoteni wanaouza maji kwa madumu ya lita 20.

Hapa ndipo jiolojia inapoingilia siasa. Sehemu kubwa ya Likoni, na ukanda wa Kisauni ulio karibu na bahari, umekaa juu ya jiwe la matumbawe ya kale, na nyuma yake Kisauni ina mchanga. Ni ardhi inayopitisha maji kwa urahisi, hivyo kuchimba kisima si kazi ngumu. Changamwe iko juu ya mwamba mwingine kabisa, mgumu kupitisha maji, na kidogo kinachopatikana humo mara nyingi kina chumvi. Kwa sababu hiyo mkazi wa Chaani au Mikindani hutegemea zaidi bomba na mkokoteni, naye wa Mtongwe au Mlaleo ana kisima uani.

Maji matamu chini ya ardhi ya Pwani huelea juu ya maji ya bahari kama mafuta yaeleavyo juu ya mchuzi. Kanuni inayoeleza jambo hilo, iliyofikiwa na wahandisi wa Uholanzi na Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, ni ya kutisha ukiifikiria: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini yake. Pampu zikishusha uso wa maji kwa mita moja tu, chumvi iliyoko chini huweza, hatimaye, kupanda kwa mita 40. Kila nyumba mpya ya kupangisha inayochimba kisima na kufunga pampu huivuta bahari karibu zaidi na jirani.

Jiwe hilohilo linalopitisha maji ya mvua hupitisha pia kilichomo chooni. Visima na vyoo vya shimo katika mitaa yenye msongamano vimekaribiana mno, na matumbawe yana nyufa zinazofanya kazi ya mifereji. Uchunguzi uliofanywa Kisauni katika miaka ya 2000 ulionyesha wazi kwamba visima vingi vya eneo hilo vilikuwa na vijidudu vya kinyesi. Kwa hiyo, munyu unaoonjwa kwenye kisima ni dalili kwamba maji yanasafiri ardhini. Yanayosafiri hayatoki baharini pekee.

Suala ambalo limewagawa wataalamu ni hili: je, kipindupindu hukaa kwenye hori zetu kikingojea nafasi, au huletwa na watu kila mara?

Mwaka wa 1977 Rita Colwell na wenzake walitangaza kumpata bakteria huyo katika ghuba ya Chesapeake, Marekani, mahali ambapo hapakuwa na mkurupuko wowote. Kazi iliyofuata ilionyesha kwamba hujishikiza kwenye magamba ya vijikamba vidogo mno viitwavyo kopepodi, na kwamba hali ikiwa mbaya huweza kulala: yuko hai, ila hakui katika vyombo vya maabara. Fundisho la Colwell lilibadili fikira za dunia, kwa kuwa hadi wakati huo iliaminika kwamba vibrio hana makao nje ya utumbo wa binadamu.

Lakini mwaka wa 2017 timu ya kimataifa ilichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa jeni za bakteria waliotoka katika nchi nyingi za Afrika. Ilibainika kwamba mikurupuko ya bara hili tangu mwaka wa 1970 ilitokana na aina zilizoingia kutoka nje angalau mara 11, hasa kutoka Asia, na kusambazwa na watu. Katika Kenya yenyewe, wimbi la sasa liliingia mwaka wa 1971. Na hata kabla ya hapo, katika karne ya 19, daktari James Christie aliyehudumu Zanzibar alieleza jinsi kipindupindu cha 1869 na 1870 kilivyoteremka kwa njia za misafara kutoka bara hadi Pangani na kuvuka kwenda Unguja.

Ushahidi huo wa jeni una uzito zaidi kwa mkazi wa Likoni. Hori inaweza kumhifadhi vibrio na hata kumlea, lakini anayemtoa kwa mtu mmoja na kumpeleka kwa elfu moja ni choo kinachovuja na dumu lisilooshwa. Wanaoulaumu upepo, bahari na mabadiliko ya hali ya hewa pekee huwapa viongozi kisingizio kizuri mno.

Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilionyesha jinsi mambo haya mawili yanavyokutana. Mafuriko yalijaza vyoo na visima kwa pamoja. Mwaka wa 1998 pekee Kenya iliripoti zaidi ya visa 22,000 vya kipindupindu. Mvua hizohizo zilishusha udongo mwingi katika hori ya Mwache kiasi cha kufukia mizizi ya mikoko na kuiua.

Kuna jambo moja kutoka Bangladesh ambalo hutajwa sana na linalofaa kutazamwa kwa uangalifu. Mwaka wa 2003 Colwell na wenzake waliripoti kwamba vijijini ambako wanawake walichuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa, visa vya kipindupindu vilipungua kwa takriban nusu. Leso kuukuu ya Mombasa haina tofauti kubwa na sari. Lakini kitambaa hakimnasi bakteria; humnasa kopepodi aliyembeba, katika maji ya mito na mabwawa yaliyo wazi. Maji ya kisima yaliyopenya kwenye jiwe kutoka chooni hayana vijikamba hivyo vya kunaswa, na hivyo leso haitamfaa mtu wa Kisauni jinsi sari ilivyowafaa Wabangladeshi. Kuchemsha na kutia klorini kungali ndiyo njia. Nayo klorini ikitiwa kisimani mara moja haidumu, maana maji mapya huingia kila siku.

Anayeugua naye huuawa na kanuni ileile ya embe la achari. Sumu ya vibrio huufanya utumbo umwage chumvi ndani yake, na maji ya mwili hufuata chumvi. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Tiba hutumia kanuni hiyohiyo kwa kuigeuza: sukari husaidia utumbo kuivuta chumvi irudi mwilini, na maji yakarudi nayo. Mwaka wa 1971, katika kambi za wakimbizi kwenye mpaka wa India na Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alitumia maji ya chumvi na sukari, na vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi karibu asilimia 3. Kipimo cha nyumbani ni vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja ya maji safi. Chumvi ikizidi, dawa hugeuka kuwa madhara, hivyo maji ya kisima chenye munyu si ya kuchanganyia, hata yakichemshwa.

Yaliyosalia yamo mikononi mwa serikali. Tangu miaka ya 2010 Kaunti ya Mombasa imekuwa ikizungumzia viwanda vya kuondoa chumvi katika maji ya bahari, kimoja kikiwa Likoni, lakini bado wakazi wanasubiri. Viwanda vya namna hiyo hutoa maji makali yenye chumvi maradufu ambayo lazima yarudishwe mahali fulani. Yakimwagwa katika bahari iliyo wazi, mawimbi huyazimua. Yakimwagwa ndani ya hori, viumbe wadogo walio msingi wa chakula cha samaki ndio watakaokuwa wa kwanza kuyaonja.

Bwawa la Mwache katika Kaunti ya Kwale, linalofadhiliwa kwa sehemu kubwa na Benki ya Dunia na ambalo ujenzi wake umechelewa kwa miaka, limekusudiwa kutoa mita za ujazo 186,000 za maji kwa siku. Likikamilika litakuwa faraja kubwa kwa Changamwe, ambayo haina jiwe la kuchimba kisima. Hata hivyo, kila lita itakayobaki nyuma ya ukuta wa bwawa ni lita ambayo haitafika katika hori ya Mwache na Port Reitz, na chumvi ya vichwa vya hori hizo itafuata ratiba mpya. Kwa upande wa pili, daraja la Makupa lililofunguliwa mwaka wa 2022 mahali pa tuta la zamani lilijengwa, pamoja na sababu nyingine, ili kurejesha mwendo wa maji kati ya hori za Tudor na Port Reitz.

Miradi hiyo mitatu, kila mmoja kwa njia yake, inabadilisha uchumvi wa maji yanayoizunguka bara ya Mombasa. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi nchini (KMFRI) ina makao yake papo hapo Mkomani, umbali mfupi kutoka Kisauni, na kipimo cha chumvi ni chombo cha mkononi kisicho cha gharama kubwa. Kupima visima vya mitaa mara mbili kwa mwaka, kabla na baada ya masika, chumvi na vijidudu vya kinyesi kwa pamoja, na kuyabandika matokeo kwenye ofisi ya chifu, ni kazi isiyohitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Kwa sasa, anayechota maji Mtongwe au Mlaleo hana kipimo kingine ila ulimi wake, na ulimi hauonji bakteria.